Vumbi Lililogeuka Kuwa Sayari

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka mbinguni huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kusini-magharibi ya nchi iliyoitwa siku zile Tanganyika. Halikuwa jiwe kubwa. Vipande vyake vilivyookotwa, ukiviweka vyote katika mizani, havifiki hata kilo moja: ni kama gramu 705 tu. Wengi wenu mmesikia habari za kimondo cha Mbozi, kile cha chuma chenye uzito wa tani nyingi, ambacho watu husafiri kwenda kukitazama. Hili la Ivuna mtu angeliweza kulipita njiani akidhani ni kipande cha mkaa. Ni jeusi, ni laini, na mawe ya namna yake yakilowa maji humeguka-meguka kama tope lililokauka. Nalo lilianguka wakati wa mvua! Lau lingalilala porini masika mzima, tusingalikuwa na jiwe la kusimulia.

Walakini mabingwa wa elimu ya nyota wanalithamini jiwe hilo dogo kuliko milima mingi. Mawe ya namna hiyo yaliyopatikana duniani kote ni machache mno. Moja lilianguka Ufaransa mwaka 1864. Na jamii yao nzima imepewa jina la Ivuna. Sababu ni hii: walipoyapima waliona ya kuwa chuma, salfa na vitu vingine vilivyomo ndani yake vimechanganyika kwa kadiri ile ile vilivyo katika jua lenyewe, ukiondoa gesi nyepesi ambazo haziwezi kukaa katika jiwe. Maana yake, mchanganyiko huo haujaguswa tangu jua lilipozaliwa, yapata miaka milioni 4,600 iliyopita. Jiwe la Ivuna ni masalio ya vumbi lile ambalo sayari zote zilifanywa nalo, pamoja na hii tunayoikanyaga.

Msomaji utauliza: Vumbi gani hilo? Na vumbi lawezaje kuwa dunia yenye milima na bahari? Mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Haya, twende polepole.

UNGO UNAOZUNGUKA

Jioni ya mwezi wa Januari, mbingu ikiwa safi, tazama juu uzione zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Upande wa kusini wa mstari huo ziko nyota nyingine hafifu zilizofuatana, na moja kati yake, ukiikazia macho, si nyota hasa, ila ni kama doa la ukungu. Doa hilo ni wingu la gesi na vumbi. Liko mbali mno: nuru, ambayo hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, huchukua miaka kama 1,300 kutoka huko hata kufika machoni mwetu. Humo nyota zinazaliwa hata sasa.

Mawingu yanayozaa nyota ni meusi na yana baridi kali, nyuzi kama 260 chini ya kiwango cha maji kuganda. Sehemu ya wingu ikiwa nzito kuliko nyingine, huanza kujivuta kwa uzito wake yenyewe. Vitu vyaanguka kuelekea katikati, vyashindiliwa, vyapata moto, na mwishowe nyota yawaka. Lakini si vyote vinavyofika katikati, kwa sababu kila wingu lina mzunguko wake kidogo. Mmewaona watoto wakifunga kijiwe kwenye kamba na kukizungusha. Kamba ikianza kujikunja kidoleni na kuwa fupi, kijiwe huzidi kukimbia. Ndivyo ilivyo kwa wingu: kadiri linavyojikusanya, ndivyo linavyozunguka kwa haraka zaidi. Vitu vilivyo pembeni vinakimbia mno, haviwezi tena kuanguka ndani. Bali vile vya juu na vya chini havina cha kuvizuia, vyashuka hata kukutana katikati. Basi kile kilichokuwa kama mpira kinalazwa, kinakuwa bapa na cha mviringo, kama ungo wa kupepetea, na nyota changa iko katikati yake. Nami nitakiita ungo, maana sijaona neno zuri zaidi.

Katika ungo huo, ukigawa uzito wake kwa sehemu 100, sehemu 99 ni gesi, na moja tu ndiyo vumbi na barafu. Hiyo moja ndiyo itakayokuwa mawe na chuma na udongo wa shamba. Nawaomba mkumbuke hesabu hii, kwa sababu matata yote nitakayoeleza yatoka katika zile sehemu 99.

Fikira ya ungo si mpya. Mjerumani Immanuel Kant aliiandika mwaka 1755, na Mfaransa Laplace akaitoa kwa namna yake mwaka 1796. Hawakuwa na darubini za kuwaonyesha jambo hilo. Waliona tu ya kuwa sayari zote hulizunguka jua kwa kuelekea upande mmoja, tena karibu zote katika ubapa mmoja, kama ng'ombe wanaopura nafaka kwa kuzunguka mti. Wakasema: Mambo haya hayakutokea hivihivi, hapana budi zilitoka katika kitu kimoja kilichokuwa kikizunguka.

Zikapita karibu miaka 200, wala hakuna aliyeuona ungo kwa macho. Mwaka 1983 chombo kilichorushwa kuizunguka dunia, kwa kazi ya kupima joto la nyota, kiligundua ya kuwa nyota fulani zinatoa joto lisilo la kawaida, kana kwamba zimezungukwa na vumbi lililopata moto. Mwaka uliofuata Wamarekani wawili, Bradford Smith na Richard Terrile, waliielekeza darubini kwenye mojawapo, iitwayo Beta Pictoris, wakiwa Chile, Amerika ya Kusini. Wakaiziba nuru ya nyota yenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga na jua ili aone njia. Pande zote mbili za nyota ukatokea mstari mwembamba. Ulikuwa ungo, ukitazamwa kwa ubavu.

PICHA YA MWAKA 2014

Huko Chile liko jangwa la Atacama, na katika jangwa hilo uwanda ulio juu sana, kiasi cha meta 5,000 toka usawa wa bahari. Ni juu kuliko kilele cha mlima wetu wa Meru. Hewa yake ni kavu mno. Hapo watu wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki, pamoja na wenyeji wa Chile, wamejenga mitambo 66 iliyofanana na masahani makubwa. Sahani 54 zina upana wa meta 12 kila moja, nazo nyingine 12 zina meta 7. Zote hufanya kazi kama jicho moja. Hazipokei nuru tunayoiona, ila mawimbi yaliyo jamaa ya mawimbi ya redio. Faida yake ni kwamba vumbi likizuia nuru, mawimbi hayo hupenya. Mtambo wote huitwa ALMA, nao ulifunguliwa mwaka 2013.

Mwaka 2014 waliyapanga masahani hayo yakatapakaa hata kilometa 15, wakaielekea nyota changa iitwayo HL Tauri. Iko upande ule ule wa mbingu ambako wakulima hukitazama Kilimia. Walitazamia kuona ungo wa vumbi laini, basi. Picha ilipotokea, wengine walidhani ni mchoro wa mtu, si picha. Ungo mzima ulikuwa na miduara, ung'avu na giza, ung'avu na giza, kama ile unayoiona katika gogo lililokatwa kwa msumeno.

Kilichowashangaza zaidi ni umri. HL Tauri ina miaka kama milioni moja tu, labda haijafika. Tuseme jua letu ni mzee wa miaka 50: basi HL Tauri ni kitoto cha siku nne. Na huyu mtoto wa siku nne tayari vumbi lake limeanza kupangika! Wengi husema ile miduara ya giza ni njia zilizofagiwa na sayari changa zinazozunguka humo. Sayari zenyewe hazijaonekana katika njia hizo, kwa hiyo wako wanaotafuta sababu nyingine. Lakini yaonekana kazi ya kufanya sayari huanza mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2025 ilitangazwa habari ya nyota changa zaidi, HOPS-315, ambayo karibu nayo mvuke wa mawe ulikuwa ndiyo kwanza unapoa na kuganda kuwa chembe ngumu. Hatua hiyo ilikuwa haijaonekana kabla kwa nyota yoyote.

ADUI NI UPEPO

Sasa tufike kwenye matata. Punje za vumbi katika ungo ni ndogo mno, kama sehemu ya elfu ya milimeta. Zikigusana polepole hushikamana, kama vile vumbi la unga linavyoganda katika kuta za nyumba ya mashine ya kusaga. Kwa njia hiyo hukua hata kufikia kokoto. Hapo wataalamu hawana wasiwasi. Wameyajaribu kwa vyombo vyao wakayaona. Lakini baada ya kokoto, mambo huharibika. Kokoto mbili zikigongana hazishikamani tena; zaruka kila moja upande wake, au zavunjika. Nani amewahi kuona mawe mawili yakigongana yakawa moja?

Tena liko jambo baya zaidi. Ile gesi ya ungo ina nguvu ya kusukuma, kama hewa iliyo katika mpira wa baiskeli. Karibu na nyota imeshindiliwa sana, pembeni imelegea. Kwa hiyo inajisukuma kuelekea nje, na msukumo huo unaisaidia isianguke ndani ya nyota. Kwa kuwa ina msaada, yazunguka polepole kidogo. Jiwe halina msaada huo, lazima likimbie zaidi ili lisianguke. Matokeo yake, jiwe siku zote laikuta gesi mbele yake, kama mpanda baiskeli anayekwenda kinyume cha upepo, tena upepo wa kilometa zaidi ya 100 kwa saa. Chembe ya vumbi haidhuriki, maana huchukuliwa na gesi na kwenda nayo. Mlima mzima nao haujali upepo. Anayeumia ni wa katikati, jiwe la kadiri ya meta moja. Upepo wampunguzia mwendo, naye akipungukiwa na mwendo hujongea ndani, na ndani zaidi, mpaka anaangamia katika moto wa nyota.

Mmarekani Stuart Weidenschilling alifanya hesabu hiyo mwaka 1977. Alipata ya kuwa jiwe la meta moja, likiwa mbali na jua kama dunia yetu ilivyo, litateketea kwa muda wa miaka 100 hivi. Miaka 100! Mtu mmoja mwenye maisha marefu angeliona mwanzo na mwisho wake. Kwa hesabu hiyo dunia isingalikuwako, wala Zuhura, wala Mirihi. Vumbi lote lingaliishia jikoni. Hesabu ilikuwa sahihi. Dunia nayo ipo, tunailima. Basi yako mambo mawili ya kweli yaliyokataana, na kwa miaka karibu 30 wataalamu walihangaika nayo.

Mwaka 2005 Andrew Youdin na Jeremy Goodman walionyesha mlango wa kutokea. Mpanda baiskeli aliye peke yake hupigwa na upepo. Lakini wakienda wengi pamoja wamekaribiana, wa mbele huwakinga wa nyuma, na kundi lote huenda vizuri. Kokoto za ungo hufanya vivyo hivyo. Mahali zinapokuwa nyingi kidogo, huisukuma gesi iende nazo, upepo wapungua, nazo hazijongei ndani kwa haraka. Zile zilizo nje, zikiwa zingali zinaburutwa ndani, zawafikia wenzao na kukwama hapo. Kundi laongezeka, kinga yaongezeka, wengine waja. Mwisho wake kundi huwa zito kiasi cha kujivuta lenyewe, na kwa ghafula laanguka pamoja na kuwa kitu kimoja chenye upana wa kilometa nyingi, pengine 100. Jiwe la meta moja limerukwa! Hakuna haja ya kupita katika ukubwa ule wa hatari. Na ile miduara ya HL Tauri nayo ina maana hapa, kwa sababu mahali gesi ilipojikusanya huzuia kokoto zinazoteremka, kama kingo za jaruba zinavyozuia maji yasikimbie.

Je, ni maneno ya karatasi tu? Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha Wamarekani kiitwacho New Horizons kilipita karibu na kitu kidogo kilicho mbali kupita sayari zote, kiitwacho Arrokoth. Urefu wake ni kama kilometa 36. Picha zilionyesha mabonge mawili yaliyokaa yameegemeana, kama maandazi mawili yaliyogandana kikaangoni. Hayakugongana kwa nguvu. Hakuna alama za kupondeka mahali yalipoungana. Yalikutana taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hivyo ndivyo ingetazamiwa ikiwa yote mawili yalizaliwa katika kundi moja la kokoto lililojivuta.

KAZI YA HARAKA

Mabonge hayo yakiisha kupatikana, yaliyobaki ni rahisi zaidi kuyafahamu. Kubwa huvuta dogo, na likiisha kulila huvuta zaidi. Lakini si mahali pote sawa. Karibu na nyota kuna joto, hivyo ni mawe na chuma tu vinavyoweza kukaa vigumu. Kuanzia umbali fulani maji huganda kuwa barafu, na barafu ni nyingi, basi huko vifaa vya kujengea vyazidi. Ndiyo sababu Mshtarii na Zohali, sayari kubwa kupita zote, ziko huko nje. Mshtarii, kwa masimulizi ya wataalamu wengi, ulianza kama bonge lenye uzito wa dunia zetu kama kumi, ndipo ukaanza kuimeza gesi yenyewe, mpaka ukafikia uzito wa dunia 318.

Nao ulikuwa na haraka. Gesi ya ungo haikai siku zote: nyota hula nyingine, na nuru yake kali hupeperusha iliyobaki. Baada ya miaka milioni 3, au 10 ikizidi sana, gesi imekwisha. Sayari iliyochelewa hubaki mwamba mtupu. Dunia yetu ni mojawapo ya hizo zilizochelewa. Iliendelea kujengwa kwa kugongana na mabonge mengine muda wa makumi ya milioni za miaka, na wengi wanasadiki kwamba mwezi wetu ulitoka katika mgongano wa mwisho mkubwa, tulipogongwa na kitu cha kadiri ya Mirihi. Mimi nasema kuchelewa huko kulitufaa. Mshtarii hauna mahali pa kusimamisha hata mguu.

Wala sayari hazikai daima mahali zilipozaliwa. Mwaka 1995 Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, waligundua sayari ya gesi inayoizunguka nyota yake kwa siku nne tu, karibu kabisa na moto. Humo haiwezi kuwa ilizaliwa. Yasemekana ilijongea kutoka nje. Wawili hao walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2019. Tangu siku hiyo zimejulikana sayari zaidi ya 5,000 za nyota nyingine.

Kilichokuwa kimebaki ni kuikuta sayari yenyewe ingali katika ungo wake. Hilo nalo likapatikana. Mwaka 2018 wataalamu wakiongozwa na wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, waliitoa picha ya nyota PDS 70, yenye umri wa miaka kama milioni 5. Ungo wake una uwazi mkubwa katikati, na ndani ya uwazi huo lilionekana doa linalong'aa: sayari changa, nzito kuliko Mshtarii. Mwaka 2019 ikaonekana ya pili. Zote mbili zina mwanga mwekundu wa gesi inayoanguka juu yake, yaani zilikuwa zingali zikila. Na mwaka 2021 ile mitambo ya Atacama ikaonyesha jambo lililowafurahisha wengi: sayari ile ya pili ina ungo wake mdogo pembeni, wenye vumbi la kutosha kufanya miezi hata mitatu ya kadiri ya mwezi wetu. Ungo ndani ya ungo!

NA LILE JIWE LETU?

Sio vumbi lote lililopata nafasi katika sayari. Lingine liliganda katika mabonge madogo ambayo hata leo huzunguka jua. Katika mojawapo, barafu iliyeyuka zamani sana na kuyageuza mawe yawe kama udongo wa mfinyanzi. Ndipo likatoka jiwe la Ivuna, na ndiyo sababu ya ulaini wake. Wajapani walipeleka chombo chao Hayabusa2 hata kwenye bonge liitwalo Ryugu, kikachota mchanga, na tarehe 6 Desemba 2020 mzigo wake ukatua Australia. Ulikuwa gramu 5 na kitu. Walipoupima waliona ya kuwa ni ndugu wa jiwe la Ivuna.

Ila kulikuwa na tofauti moja. Chumvi fulani zilizomo katika mawe ya Ivuna na jamaa zake hazikuonekana katika mchanga wa Ryugu, ambao ulifungwa usiguswe na hewa. Yaonekana chumvi hizo zilizaliwa hapa hapa duniani, kwa unyevu wa hewa yetu uliopenya ndani ya mawe hayo wakati yakiwa yamehifadhiwa kabatini. Basi msomaji, ikitokea umeona jiwe limeanguka kwenu kutoka juu, usilioshe, wala usilipasue uone ndani. Liokote kwa karatasi safi, kavu, ulifunge lisipate maji, uandike siku, saa na mahali, kisha umpelekee habari mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, hasa kama ni jeusi na mawingu yamekwisha tanda.